Kuta za Magazeti

Nyumba ya mkulima asiye na ardhi katika mashamba ya pamba ya Kusini mwa Marekani, miaka ya 1930, haikuhitaji mchoro wa fundi. Ilikuwa na vyumba viwili au vitatu vya mbao za msonobari zisizopakwa rangi, na unene wa ubao mmoja ndio uliotenganisha kitanda na upepo wa nje. Dari haikuwepo. Mahali pa dirisha palikuwa na kipande cha ubao chenye bawaba: ukikifungua unapata mwanga pamoja na baridi, ukikifunga unabaki na joto lako na giza lako. Nyumba nzima ilikaa juu ya mawe au vipande vya magogo, hivyo baridi ya Januari ilipanda kutoka chini kupitia nyufa za sakafu. Mwaka 1935, katika nchi nzima ya Marekani, shamba moja tu kati ya kumi hivi lilikuwa na umeme, na huku kwenye pamba hata hesabu hiyo ilikuwa ya kuonea wivu.

Jambo moja wenye nyumba waliweza kulifanya kwa mikono yao bila kuomba ruhusa wala mkopo. Walikoroga unga wa ngano na maji wakapata gundi, wakapaka kurasa za magazeti na majarida ya zamani, wakazibandika ukutani kuanzia sakafuni hadi paa linapoanzia. Tabaka la mwaka huu lilikaa juu ya tabaka la mwaka jana. Magazeti yaliziba nyufa, yaliongeza weupe kidogo chumbani, na yaliifanya nyumba ionekane ina mtu anayeijali. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya udongo hapa kwetu huenda anaujua ufundi huo bila kuelezwa. Lakini majarida ya Marekani yalijaa matangazo ya biashara, na ndiyo maana katika vyumba ambamo chakula kilikuwa cha kuhesabu, kuta zilikuwa zinauza magari, sigara na nyama za makopo.

Tunayajua haya kwa sababu serikali ililipa watu wakaenda kuyapiga picha. Kati ya 1935 na 1943 ofisi moja ndogo jijini Washington ilikusanya zaidi ya negativu 160,000 za maisha ya Wamarekani, kwanza wa mashambani, baadaye wa mijini pia. Katika lundo hilo nimechagua picha za nyumba, na nimejaribu kuzifuata hadi mlangoni: nani alikaa humo, nani alimtuma mpiga picha, na baada ya kamera kuondoka yule mwenye nyumba alipata nini.

Tuanze na bei. Mwaka 1929 ratili moja ya pamba iliuzwa kwa senti 17 hivi. Kufikia 1931 ilikuwa chini ya senti 6. Mkulima wa nusu-kwa-nusu, ambaye mwenye shamba alimpa ardhi, nyumbu, mbegu na kibanda, kisha akachukua nusu ya mavuno, alikuwa na deni hata bei ilipokuwa nzuri. Alikopa unga, mafuta na chumvi dukani tangu Machi, akilipa baada ya kuvuna, na daftari la deni lilikaa kwa mwenye duka. Bei ilipoanguka, nusu yake haikutosha hata kulifuta jina lake kwenye daftari hilo.

Mwaka 1933 serikali mpya ya Rais Franklin Roosevelt iliamua kupunguza pamba sokoni ili bei ipande. Wakulima walilipwa ili wang'oe kiasi cha ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota, na miaka iliyofuata walilipwa ili wasipande. Fedha zilipitia mikononi mwa wenye mashamba, ambao kisheria walitakiwa kuwagawia wakulima wao. Wengi waliona njia rahisi zaidi: ukimfukuza mkulima wa nusu-kwa-nusu na kumrudisha kama kibarua wa kutwa, huna wa kugawana naye. Kwa hiyo mpango uliobuniwa kuokoa kilimo ulianza kuwamwaga watu barabarani, na serikali ile ile ikalazimika kubuni mpango wa pili wa kuwaokota. Mpango huo wa pili ndio uliozaa ofisi ya picha.

Kabla haujazaliwa, California ilikuwa imekwisha kuonyesha picha inaweza kufanya nini. Mapema 1935 Paul Taylor, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa akichunguza hali ya vibarua waliohamia huko kuchuma mboga na matunda, wakilala kwenye mahema ya magunia kando ya mifereji. Aliona takwimu pekee hazitamshawishi mtu. Akamtaka Dorothea Lange, mpiga picha wa studio wa San Francisco, lakini kwenye orodha ya ajira za ofisi yake hapakuwa na nafasi ya mpiga picha, basi akamwandikisha kama mpiga taipu. Ripoti yao ilikuwa maandishi yake na picha za Lange, ikiomba fedha za kujenga kambi zenye maji safi, vyoo na mabafu. Walipata dola 20,000, wakajenga kambi mbili za kwanza, Marysville na Arvin. Ile ya Arvin ndiyo John Steinbeck aliyoitembelea kabla ya kuandika riwaya yake ya mwaka 1939, The Grapes of Wrath. Taylor na Lange, kwa upande wao, walioana kabla mwaka 1935 haujaisha.

Aprili 1935 Roosevelt aliunda Resettlement Administration, idara ya kuwahamishia wakulima maskini kwenye ardhi bora na kuwakopesha. Mkuu wake, Rexford Tugwell, alikuwa profesa wa uchumi kutoka Columbia, New York, na magazeti ya upinzani yalimwona kama mjamaa aliyevaa suti. Alijua idara yake itapigwa mawe. Akamwita mwanafunzi wake wa zamani, Roy Stryker, akampa kazi ya kukusanya picha zitakazowaonyesha watu wa mijini na wabunge kwa nini idara ipo. Miaka miwili baadaye idara ilibadilishwa jina ikaitwa Farm Security Administration, na tangu hapo imezoeleka kwa herufi tatu: FSA.

Stryker hakuwa mpiga picha. Alizaliwa Kansas, akakulia Colorado, akafuga ng'ombe kabla ya kwenda chuoni, na alipokuwa mwalimu msaidizi aliwachosha wanafunzi kwa kuwapeleka viwandani na sokoni badala ya kuwasomea. Kipaji chake kilikuwa udadisi. Kila mpiga picha aliyetumwa shambani alibeba orodha ndefu ya maswali, na sehemu kubwa yake ilihusu nyumba: watu wanafanya nini jioni, wanakaa wapi kupumzika, wanatundika nini ukutani na je, mapambo hayo yanatofautiana kwa kipato? Swali hilo la kuta lilitokana na mazungumzo yake ya mwaka 1936 na Robert Lynd, mwanasosholojia aliyejulikana kwa utafiti wa mji mmoja wa Indiana. Kwa hiyo zile kuta za magazeti hazikuingia kwenye picha kwa bahati.

Stryker alikuwa pia bosi mkali. Picha aliyoikataa aliitoboa tundu kwenye negativu kwa kibonyezo cha chuma, na kwa miaka kadhaa maelfu ziliharibiwa hivyo hadi wapiga picha walipolalamika vya kutosha. Leo ukizipitia utakuta nyumba yenye duara jeusi angani, au mtoto mwenye tundu begani. Na alikuwa mtu wa siasa. Mwaka 1937 alimwandikia Lange, ambaye sasa alikuwa akimfanyia kazi, kwamba apige picha za wakulima weusi na weupe, ila atilie mkazo weupe, kwa kuwa picha zao zingetumiwa na magazeti mengi zaidi. Aliyajua magazeti ya nchi yake. Hata hivyo mtu anayezitazama picha hizo leo akidhani anaona sura kamili ya umaskini wa Kusini inafaa aikumbuke barua ile.

Hofu kubwa ya ofisi ilikuwa kuitwa waongo. Arthur Rothstein, mpiga picha wa kwanza kuajiriwa, kijana aliyetoka moja kwa moja chuoni, alikuta fuvu la ng'ombe huko South Dakota mwaka 1936, akalisogeza hatua chache kutoka kwenye udongo uliopasuka hadi kwenye majani ili ajaribu mwanga. Magazeti ya upinzani yaligundua kuwa fuvu moja limepigwa mahali pawili, na wakati Roosevelt akizuru majimbo ya ukame kwa treni, gazeti la Fargo likamlaki kwa habari hiyo. Kwa wiki kadhaa ukame wenyewe ulisahauliwa, watu wakajadili fuvu.

Ndani ya nyumba ya mtu kishawishi cha kusogeza vitu ni kikubwa kuliko jangwani. Margaret Bourke-White, ambaye hakuwa mwajiriwa wa Stryker na alilipwa vizuri zaidi kuliko wote, alizunguka Kusini na mwandishi Erskine Caldwell kwa ajili ya kitabu chao cha mwaka 1937. Katika kumbukumbu za maisha yake alisimulia jinsi alivyoingia kwa mama mmoja mweusi na kuvipanga upya vitu vidogo vilivyokuwa juu ya kabati lake ili picha ipendeze, hadi Caldwell akamfungua macho: mama yule alikuwa amevipanga mwenyewe anavyotaka. Kitabu chao kiliuzwa sana. Maneno yaliyowekwa chini ya picha, kana kwamba yamesemwa na wakulima, waandishi waliyatunga wenyewe, na walikiri hivyo mwanzoni mwa kitabu. Mimi ningevumilia kusogezwa kwa kikombe kuliko hilo.

Walker Evans, mpiga picha mwingine wa Stryker, alidai hagusi kitu. Katika majira ya joto ya 1936 jarida la Fortune, lililosomwa na matajiri, lilimwazima kutoka serikalini kwa sharti kwamba negativu zibaki mali ya serikali, likamtuma pamoja na mwandishi James Agee katika kaunti ya Hale, Alabama. Walikaa wiki kadhaa na familia tatu za wakulima weupe wa pamba. Evans alifunga kamera kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10 juu ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akasubiri mwanga. Alipata ukuta wa jikoni wenye uma na vijiko vilivyochomekwa nyuma ya kipande cha ubao. Kitanda cha chuma chenye shuka safi lililonyooshwa. Meko ambayo mama wa nyumba ameipamba kwa karatasi iliyokatwa kama lesi. Mbao za nyumba zile zinaonekana mshipa kwa mshipa. Watafiti waliolinganisha picha hizo na orodha za vitu alizoandika Agee chumba kwa chumba wamedai baadaye kwamba Evans naye alisogeza vitu. Inawezekana.

Fortune haikuchapisha kazi ile. Ilitoka kama kitabu mwaka 1941, Let Us Now Praise Famous Men, wakati wasomaji wamekwisha kugeukia habari za Vita vya Pili vya Dunia, na ziliuzwa nakala 600 hivi. Kilipochapishwa tena mwaka 1960 kikawa miongoni mwa vitabu vinavyoheshimiwa zaidi Marekani. Familia tatu zilipewa majina ya kubuni, lakini picha ni picha, na jamaa zao walitambulika. Baadhi yao waliishi na uchungu kwamba nyumba yao ilionyeshwa dunia nzima katika hali yake ya chini kabisa, na wao wasipate kitu. Katika kaunti ile Evans alikuwa mgeni wa jarida, na jarida halijengi nyumba.

Russell Lee, naye wa ofisi ya Stryker, alikuwa mtu wa namna nyingine, na naona amesahauliwa isivyo haki. Alisomea uhandisi wa kemia, akaacha akajaribu uchoraji, na aliposhika kamera alibaki na akili ya mhandisi. Evans alisubiri mwanga uingie dirishani. Lee aliingia na mwanga wake. Alitumia flashi, mara nyingi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, zenye balbu zinazowaka mara moja na kutupwa. Katika nyumba isiyo na umeme ule ulikuwa mwanga mkali kuliko wowote uliowahi kuwaka ndani yake. Wakosoaji wa sanaa walizikuta picha zake bapa, hazina kivuli wala fumbo. Ni kweli. Lakini kila kitu kinasomeka: chapa ya kopo la mafuta, tarehe ya kalenda, matangazo yaliyobandikwa ukutani hadi bei za viatu. Mwezi Desemba 1936, huko Iowa, alipiga picha ya watoto wanne wamesimama mezani wakila chakula cha Krismasi katika kibanda cha mkulima. Viti havionekani, na sahani zina viazi, kabichi na pai.

Mei 1938 Lee alipelekwa kusini-mashariki mwa Missouri, pembe ya jimbo iliyochomoza kuelekea Arkansas. Ilikuwa nchi ya vinamasi hadi mwanzoni mwa karne, ikakaushwa, ikawa mashamba makubwa ya pamba. Karibu na kijiji cha La Forge, FSA ilinunua ekari zipatazo 6,700 na kuchagua familia 100 kutoka kwa wakulima wa nusu-kwa-nusu waliokuwa tayari hapo, 60 za weupe na 40 za weusi, kila kundi na upande wake, kama sheria na desturi za huko zilivyotaka. Lee alianza na nyumba za zamani. Aliingia vyumbani: mtoto wa kiume anachana nywele kando ya kitanda, nyuma yake ukuta mzima wa magazeti. Kisha akatoka nje, akapiga hatua kwa hatua ujenzi wa nyumba mpya. Kuta, paa na milango vilikatwa na kuunganishwa kwenye karakana moja ya mradi, vikapakiwa kwenye lori na kusimamishwa shambani, kipande kwa kipande. Msururu huo wa picha, msingi, sakafu, ukuta wa kwanza, ukuta wa pili, paa, unachosha kuutazama kama sanaa. Ungeweza kumpa seremala akajenga nyumba kwa kuufuata, na nadhani hilo lingemfurahisha Lee kuliko sifa yoyote.

Familia 100 ni tone katika eneo lenye maelfu. Desemba ya mwaka huo huo wenye mashamba wa Missouri walianza kutoa notisi kwa msimu mpya, wakitaka vibarua na si wakulima wa kugawana nao malipo ya serikali. Owen Whitfield, mchungaji mweusi, kiongozi katika chama cha wakulima wapangaji kilichoanzishwa Arkansas mwaka 1934, alikuwa mmoja wa waliobahatika kupata nyumba La Forge. Angeweza kunyamaza. Badala yake alizunguka makanisani akiwaambia waliopewa notisi kwamba, ikiwa ni lazima kuondoka, waondoke wote pamoja na waende mahali ambapo nchi itawaona.

Asubuhi ya tarehe 10 Januari 1939 madereva wa barabara kuu namba 60 na 61 walikuta watu zaidi ya elfu moja wamekaa kandoni, wengi weusi na baadhi weupe, pamoja na vitanda, majiko ya chuma, magodoro, kuku na vyombo vyao. Theluji ilinyesha. Rothstein alitumwa haraka kutoka Washington. Picha zake za siku zile zinaonyesha nyumba zisizo na kuta: jiko limewashwa kwenye majani, bomba lake la moshi limesimama bila paa la kulipitisha, kitanda kimetandikwa chini ya anga. Vitu vya aina ile ile ambayo Lee aliimulika chumbani miezi minane kabla, sasa vilikuwa nje peupe. Ndani ya siku chache maofisa wa jimbo walitangaza kwamba mkusanyiko ule ni hatari kwa afya ya umma, polisi wakawapakia watu kwenye malori na kuwatawanya kwenye njia za ndani ambako hakuna gari wala mwandishi wa habari anayepita.

Lakini picha zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Whitfield aliitwa Washington. FSA ikaanzisha ruzuku kwa wakulima wa eneo hilo, na kufikia 1941 ilikuwa imejenga vijiji kumi vya vibarua wa pamba vilivyojulikana kwa jumla kama Delmo, vyenye nyumba ndogo za mbao, kila moja na bustani yake ya mboga. Serikali ilipotaka kuviuza baada ya vita, marafiki wa wakazi kutoka St. Louis waliunda shirika, likavinunua, na wakazi wakaanza kulipia nyumba zao wenyewe.

Habari iliyonigusa zaidi imo katika kona ya mto Alabama iitwayo Gee's Bend, kaunti ya Wilcox, si mbali sana na Hale alikopiga Evans. Mto umeizunguka pande tatu. Watu wengi huko wanaitwa Pettway, kwa sababu katika miaka ya 1840 shamba lile lilimwangukia Mark Pettway, ambaye aliwaleta watumwa wake kutoka North Carolina, wao wakitembea kwa miguu. Utumwa ulikwisha, jina na ardhi ya pamba vikabaki, na wajukuu wa watumwa wakawa wapangaji wa wenye shamba waliokaa mbali. Nyumba zao zilikuwa za magogo yaliyozibwa kwa udongo, na bomba la moshi la fito na udongo pia.

Walikopa kwa mfanyabiashara mmoja wa Camden, mji mkuu wa kaunti, ng'ambo ya mto. Bei ilipoanguka, aliiweka pamba yao ghalani akisubiri ipande, na deni likakua. Mwaka 1932 alikufa, na warithi wake hawakutaka kusubiri. Watu wao walivuka mto wakachukua nyumbu, ng'ombe, nguruwe, kuku, mikokoteni, majembe, na mahindi yaliyowekwa akiba ya kula. Majira ya baridi yale Gee's Bend iliishi kwa unga wa Msalaba Mwekundu, matunda ya porini na kilichopatikana mtoni. Kufikia 1935 idara ya Tugwell ilianza kuwakopesha mbegu na wanyama, na mwaka 1937 serikali ikanunua shamba lote, ekari zipatazo 10,000.

Rothstein alifika mapema mwaka huo. Picha iliyojulikana zaidi ni ya msichana mdogo amesimama dirishani, yaani kwenye tundu lililokatwa katika magogo. Ubao wa dirisha umefunguka, umebandikwa gazeti, na kwenye gazeti kuna tangazo la chakula lenye mwanamke mweupe anayetabasamu. Picha hii huchapishwa mara kwa mara, kwa sababu kejeli yake inajieleza. Inafaa kuitazama mara ya pili na kuangalia udongo kati ya magogo: umezibwa upya kwa uangalifu, alama za vidole bado unaweza kuzidhania. Agosti 1937 jarida la Jumapili la New York Times lilichapisha makala ndefu kuhusu Gee's Bend pamoja na picha za Rothstein, na kijiji ambacho barua zilikifikia kwa shida kikawa mada ya mazungumzo mjini New York.

Mwaka 1939 ofisi ilimtuma Marion Post Wolcott. Alikuta nyumba mpya za mbao zilizopasuliwa kutoka misitu ya pale pale, zenye madirisha ya kioo, wavu wa kuzuia mbu, baraza, kisima na ghala. Duka la ushirika, shule, kiwanda cha kuchambua pamba. Alipiga picha za akina mama na akiba zao za mboga kwenye chupa za kioo. Wenyeji waliziita nyumba zile "nyumba za Roosevelt". Picha za Wolcott ni nzuri na hazina mkazo wowote, na nadhani ndiyo maana ni wachache wanaozikumbuka. Watu walioridhika na baraza lao hawaonekani kwenye majalada ya vitabu.

FSA yenyewe haikudumu. Wabunge wa majimbo ya pamba na chama kikubwa cha wakulima wenye ardhi walikata bajeti yake mwaka 1943, na ikafutwa 1946. Stryker aliogopa kwamba maadui wangeziteketeza picha, akahakikisha zinahamia Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako ziko mpaka leo na mtu yeyote anaweza kuzitumia bila malipo. Lakini kabla idara haijazikwa ilifanya jambo moja la mwisho Gee's Bend: katikati ya miaka ya 1940 iliwauzia wakulima mashamba na nyumba kwa mikopo ya riba ndogo, kwa hati zenye majina yao. Familia zilizonyang'anywa hata kuku mwaka 1932 zikawa na hati ya nyumba.

Thamani ya hati hizo ilionekana miaka 20 baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura Wilcox, ingawa walikuwa ndio wengi. Watu wa Gee's Bend walianza kuvuka kwenda Camden kujaribu kujiandikisha. Mwaka 1962 kivuko kikasimamishwa, na safari ya dakika chache majini ikawa mzunguko wa kilomita zaidi ya 60 kwa barabara mbovu. Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini usiku, mvua ikinyesha, akahutubia kanisani. Katika kaunti jirani ya Lowndes, wakulima wapangaji waliojiandikisha walifukuzwa kwenye vibanda vya wenye mashamba, na mwishoni mwa mwaka ule familia kadhaa zilikuwa zinaishi kwenye mahema kando ya barabara kuu namba 80, kama wenzao wa Missouri mwaka 1939. Wilcox nayo ilifukuza wapangaji wake. Wengi wa Gee's Bend hawakuweza kufukuzwa, kwa kuwa hakukuwa na mwenye nyumba wa kuwafukuza. Waliandamana, walikamatwa, waliachiwa, wakarudi kulala kwenye nyumba za Roosevelt. Kivuko kilirudishwa mwaka 2006.